Sanduku la vitabu sita vya "toleo la kwanza": ninunue au niache?

BARUA

Ndugu Mshauri,

Assalaam aleykum. Mimi ni mkazi wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, na nimekuwa nikikusanya vitabu vya zamani vya waandishi wetu, vingi nikivipata kwa wauza vitabu vikuukuu kandokando ya barabara. Ninavyo kama arobaini.

Sasa dalali mmoja ameniletea sanduku la vitabu sita. Anasema vyote ni toleo la kwanza, viwili vimetiwa saini na waandishi wenyewe, na kila saini ina cheti chake. Anataka shilingi 85,000 kwa vyote, wala hataki kuuza kimoja kimoja. Nimeviorodhesha: Kusadikika cha Shaaban Robert, jalada limechakaa, Kufikirika cha huyo huyo, chenye saini yake kwa wino wa buluu, Weep Not, Child cha Ngugi wa Thiong'o, jalada jepesi, Things Fall Apart, jalada jepesi pia, ndani kimeandikwa 1958 na kina saini ya Chinua Achebe, Sauti ya Dhiki cha 1973, ambacho mwenyewe wa kwanza aliandika jina lake na maneno mengi pembeni kwa penseli, na Diwani ya Muyaka ya 1940, imetobolewatobolewa na wadudu. Hivyo viwili vya mwisho dalali anasema ni nyongeza tu, kwa sababu vimeharibika.

Jambo la pili: vile nilivyo navyo vinaota ukungu mweupe na madoadoa ya kahawia, hasa baada ya masika. Nyumbani wameniambia nivianike juani na niweke naftalini. Nimevianika roshani mara kadhaa, naona majalada yanapinda na migongo inapauka. Nifanyeje?

Mpenda Vitabu, Kibokoni


JIBU

Waaleykum salaam ndugu yangu,

Hizo 85,000 usizitoe. Lakini sanduku nalo usiliache lirudi lote, kwa sababu hivyo viwili vinavyoitwa nyongeza ndivyo vyenye maana kubwa zaidi humo ndani.

Tuanze na Kufikirika, maana ndicho kinachofichua mengine. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kufikirika kilitolewa na Oxford University Press mwaka 1967. Mwandishi hakukiona kikiwa kitabu, sembuse kukitia saini. Huenda hapo mwanzo hakuna aliyekusudia ulaghai: wanafunzi wengi walikuwa wakiandika jina la kitabu na la mwandishi kwenye ukurasa wa mbele kwa mkono wao. Lakini aliyetoa cheti kuwa ile ni saini ya mwandishi hakulinganisha hata miaka hiyo miwili. Basi na cheti alichotoa kwa Achebe hakina uzito wowote. Cheti cha maana hutoka kwa muuzaji anayejulikana, mwenye anwani, anayeahidi kwa maandishi kukurudishia pesa saini ikionekana si ya kweli. Wanachama wa ILAB, shirikisho la kimataifa la wauza vitabu vya kale lililoanzishwa 1947, huweka dhamana juu ya wanachokiuza. Karatasi yenye nembo ya dhahabu isiyo na jina la mtu wa kuulizwa, iache.

Hesabu hii ya miaka ifanye kwa kila kitabu chenye saini, kabla hujautazama wino. Mwandishi alifariki lini, na nakala hii iliyo mkononi ilichapwa lini? Angalia: ni nakala hii, si riwaya yenyewe. Achebe alifariki 2013; nakala iliyochapwa 2015 haiwezi kuwa na saini yake hata kama riwaya ni ya 1958.

Na umri wa nakala unausoma kwenye ukurasa wa hakimiliki, nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Wakusanyaji wanaposema toleo la kwanza humaanisha chapa ya kwanza ya toleo hilo, yaani nakala zilizotoka mtamboni mwanzo kabisa. Things Fall Apart kilitolewa na William Heinemann, London, 1958, kwa jalada gumu lililovikwa karatasi ya juu. Jalada jepesi lilikuja 1962, kilipokuwa kitabu nambari 1 cha mfululizo wa African Writers Series. Nakala za mfululizo huo hutaja 1958 kwa kuwa hiyo ndiyo historia ya kitabu. Ukishuka mistari inayofuata utakuta mwaka kilipoingia katika mfululizo, kisha orodha ya miaka ya kurudiwa. Mwaka wa mwisho katika orodha hiyo ndio umri wa nakala yako. Vitabu vingi vya kawaida huuzwa kwa bei ya vitabu adimu kwa sababu mtu amesoma mstari wa kwanza akaishia hapo.

Weep Not, Child nacho kinajisema chenyewe. Kilipotoka 1964 mwandishi alikuwa bado James Ngugi, na ndilo jina lililochapwa. The River Between cha 1965 na A Grain of Wheat cha 1967 navyo vilitoka kwa jina hilo. Petals of Blood cha 1977 kikatoka kwa jina la Ngugi wa Thiong'o. Kwa hiyo jalada likiwa na jina la Ngugi wa Thiong'o, hiyo ni chapa ya baadaye, na hakuna haja ya kubishana. Saini ni habari nyingine. Nakala halisi ya 1964 inaweza kabisa kuwa na saini ya Ngugi wa Thiong'o, maana aliishi mpaka 2025 na watu waliendelea kumpelekea vitabu vyake vya zamani. Ya kutiliwa shaka ni saini ya "James Ngugi" yenye tarehe ya miaka ya 1990.

Kabla hujakirudisha sandukuni, kigeuze uone nyuma. Mfumo wa ISBN, nambari ya kutambulisha kila kitabu, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, na ISBN ya tarakimu 13 ni ya kuanzia 2007. Ile michirizi myeusi inayosomwa na mashine dukani ni ya baadaye kuliko ISBN yenyewe. Kitabu chenye ISBN hakikuchapwa 1964, hata kiapiwe. Na kwa vitabu vya miongo ya karibuni tafuta kwenye ukurasa wa hakimiliki safu ya tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Tarakimu ndogo iliyobaki ndiyo nambari ya chapa. Ndogo ikiwa 4, ni chapa ya nne, ijapokuwa maneno ya toleo la kwanza hayajaondolewa.

Kusadikika kilitolewa na Nelson mwaka 1951. Kilirudiwa mara nyingi, kwa hiyo usikikubali mpaka uone 1951 peke yake, bila mwaka mwingine chini yake. Kisha hesabu kurasa, pima kimo kwa sentimita, tazama mji wa mchapishaji, na ulinganishe na orodha ya maktaba kubwa yenye hazina ya Kiswahili. Orodha ya maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoko London, inasomeka wazi kwenye intaneti. Kurasa zikipishana, una chapa nyingine au kuna karatasi zilizotoka. Ukikuta muhuri wa shule au wa maktaba ya umma bila muhuri wa pili unaoonyesha kiliondolewa rasmi, usikinunue. Hicho kina mwenyewe.

Sasa saini ya Achebe. Inawezekana ni ya kweli, kwani alizitia saini nakala za jalada jepesi pia. Chukua kioo cha kukuzia cha mara 10, kile wanachotumia masonara, ukae penye mwanga wa dirisha. Ukiona vitone vidogo vilivyopangana, hiyo ni saini iliyochapwa na mtambo pamoja na kitabu au kwa printa. Wino wa kalamu huingia kwenye nyuzi za karatasi, na mistari inapokatana utaona mmoja umepita juu ya mwingine. Geuza ukurasa upitishe kidole nyuma yake kwa wepesi: kalamu ya bolpeni huacha mfuo unaoguswa. Halafu tazama mwendo wa mkono. Mtu anayeandika jina lake mwenyewe huanza na kumaliza kwa kasi, ncha za herufi zikawa nyembamba kama mkia. Anayeiga huenda polepole, mstari ukatetemeka, kalamu ikasimama katikati ya herufi na kuacha nukta nzito, na mwisho ukawa butu. Tazama pia kama wino umekaa juu ya doa la kahawia au chini yake. Saini iliyoandikwa juu ya doa ilikuja baada ya karatasi kuzeeka. Mwisho, linganisha na saini zake zisizo na shaka, tatu au nne za miaka tofauti, kwa sababu saini ya mtu hubadilika na umri. Baada ya yote hayo ukibaki na wasiwasi, kilipie bei ya nakala isiyo na saini. Muuzaji akikataa, kiache.

Nije kwenye Sauti ya Dhiki, kitabu ambacho ningekichukua kabla ya vyote. Kilitolewa na Oxford University Press, Nairobi, 1973. Abdilatif Abdalla ni mzaliwa wa Kuze, hapo hapo Mombasa, na mashairi hayo aliyatunga kifungoni kati ya 1969 na 1972. Mwaka 1974 kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Nakala ya 1973 isiyo na mistari ya kurudiwa ni kitu cha kutunzwa, na maneno ya penseli pembeni hayajaiharibu. Usifute hata herufi moja! Soma jina la mwenyewe wa kwanza, uulize mjini alikuwa nani. Ikiwa alikuwa mwalimu, mtunzi au jamaa wa mtunzi, maelezo yake juu ya beti yanaweza kuifanya nakala hiyo iwe ya pekee kuliko nakala safi. Hata akiwa msomaji wa kawaida, hayo ni maandishi ya msomaji wa wakati ule juu ya mashairi ya wakati ule, nayo yakifutwa hayarudi.

Diwani ya Muyaka ilichapwa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, 1940, mhariri akiwa William Hichens. Kwa mtu wa Mvita, hiki ndicho kitabu kilichoyaweka mashairi ya Muyaka bin Haji katika chapa, na nakala zake ni chache mno mikononi mwa watu. Kikague ukurasa kwa ukurasa kwa mfuatano wa nambari. Tundu la mdudu linavumilika, ukurasa uliokosekana ni hasara kubwa. Kisha kigongegonge taratibu juu ya karatasi nyeupe. Ukianguka unga mpya, mwepesi, wa rangi ya karatasi yenyewe, wadudu wako hai, na kitabu hicho kisilale hata usiku mmoja karibu na vingine. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki mzito, toa hewa, ziba kwa utepe, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka zipite saa 24. Ukifungua mapema, mvuke wa Mombasa utageuka maji juu ya kitabu. Ukisubiri, unageuka maji nje ya plastiki. Dawa ya kupuliza ya mende na mchwa isiguse karatasi.

Kama unataka mkusanyiko wenye uzito, elekeza macho huko. Things Fall Apart cha 1958 kinafukuziwa na matajiri wa dunia nzima, hukiwezi. Lakini Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela wa Freretown, Sheldon Press, London, 1934; Al-Akida and Fort Jesus cha Mbarak Ali Hinawy, Macmillan, 1950; Malenga wa Mvita cha Ahmad Nassir kilichohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, Oxford, 1971: hivi vilisomwa kwenye nyumba za mji wako na kisiwa chako, na penye nyumba hizo ndipo pa kuvitafuta, katika masanduku yanayotolewa mtu anapofariki au nyumba inapouzwa. Waombe jamaa wasiuze kwa kilo. Na waandishi walio hai wapelekee vitabu vyao wakutilie saini kwenye ukurasa wenye jina la kitabu, si kwenye jalada, pamoja na tarehe na mahali. Peleka kalamu yako ya wino wa kudumu usioyeyuka kwa maji. Kalamu za jeli na zile nene za kuandikia mabango hupenya na kufifia. Weka karatasi safi juu ya saini kwa dakika kadhaa kabla hujafunga kitabu.

Sasa hivyo arobaini vilivyo nyumbani. Ukungu huanza kuota unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65, na hewa ya Mombasa hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Mei, mwezi wa mvua nyingi, ndio mbaya kuliko yote. Nunua kwanza kipima unyevu, kile kidogo cha tarakimu, ukiweke ndani ya kabati, si sebuleni. Lengo lako ni kati ya asilimia 45 na 60, na unyevu usipande na kushuka kila siku.

Jua liache kabisa. Linaunguza rangi ya migongo, na jalada hupinda kwa sababu kitambaa, gundi na kadibodi havikauki kwa mwendo mmoja. Naftalini haizuii ukungu, inadhuru mapafu ya wenye nyumba, na harufu yake haitoki kwenye karatasi. Kitabu chenye ukungu kitenge, kisimamishe kivulini kurasa zikiwa zimeachana kidogo, feni ikizungusha hewa ya chumba bila kukielekea, kwa siku mbili tatu mpaka ukungu uwe mkavu kama vumbi. Ukiufuta ungali mbichi unausukuma ndani ya nyuzi. Ukishakauka, vaa barakoa ya N95, toka nje, upepo ukupige mgongoni, uupanguse kwa brashi laini kutoka kwenye mgongo wa kitabu kwenda nje. Brashi hiyo usiitumie kwa kazi nyingine. Klorini usiiguse. Yale madoadoa ya kahawia hayatoki kwa mikono ya nyumbani. Ukivikausha vitabu hayatazidi, na yatosha.

Kuta za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji na kuyatoa polepole. Kabati lisiguse ukuta. Acha sentimita 10, na rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu. Kabati la chuma lililopakwa rangi vizuri ni bora kuliko la mbao, ila liwe na matundu ya hewa. Vitabu visibanane hata uking'oe kimoja kwa kuvuta kichwa cha mgongo, maana hapo ndipo panapochanika kwanza. Ukiwa na kiyoyozi, usikiwashe usiku na kukizima mchana: vitabu vilivyopoa vikikutana na hewa ya joto yenye mvuke, vinalowa. Ni afadhali mashine ndogo ya kukausha hewa ifanye kazi mfululizo katika chumba kilichofungwa.

Wengi hutegemea vile vipakiti vya chembechembe za silika vinavyokuja na viatu. Hesabu haikubali. Vitabu vya kilo 20 vilivyozoea unyevu wa asilimia 80 vimeshika maji zaidi ya nusu lita kuliko ambavyo vingeshika kwenye asilimia 50. Silika yote ya kuyanyonya hayo ni kilo mbili au zaidi. Kwa hiyo kausha kwanza kwa mashine chumbani, kisha ufunge kwenye sanduku la plastiki lenye mpira mdomoni, hapo silika nusu kilo italinda hali iliyopatikana. Chagua ile inayogeuka rangi kutoka machungwa kwenda kijani ikishiba, na uikaushe tena kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa chache.

Toa pia kila klipu, mpira na kipande cha gazeti kilichoachwa ndani. Vijitabu vyembamba vya tenzi hufungwa kwa pini za chuma, na chumvi ya hewa ya bahari huzigeuza kutu mpaka karatasi ikakatika penye pini. Hivyo vitazame kwanza. Karatasi ya juu ya jalada ivike plastiki ya poliesta. Plastiki ya PVC, ile inayonuka na kunata, inavuta wino. Seloteipu isikaribie kitabu chochote.

Kuhusu bei, usitazame bei wanazotaka watu kwenye mitandao, maana kitabu kinaweza kukaa hapo miaka bila mnunuzi. Tafuta bei zilizolipwa minadani, ukumbuke kwamba juu ya bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho inayotajwa nyundo ikigongwa, kuna ada ya mnada, mara nyingi robo au zaidi. Na muuzaji wa Uingereza akieleza hali ya kitabu kuwa "Good", fahamu kimechakaa. Kizuri hasa huitwa "Fine".

Kwa dalali wako, mwambie Weep Not, Child na Things Fall Apart si toleo la kwanza, umwonyeshe ukurasa wenyewe, na Kufikirika umtajie ile miaka miwili. Kufikirika hicho hicho, kikiwa ni cha 1967 bila kurudiwa, ni toleo la kwanza halali. Kinunue kama kitabu kilichoandikwa jina, si chenye saini. Toa bei ya vitu vinne: Sauti ya Dhiki, Diwani, Kusadikika kikipita ukaguzi, na hicho Kufikirika. Lipa kwa M-Pesa ili tarehe na kiasi vibaki, na akuandikie risiti yenye jina la kila kitabu, mwaka wa chapa, kasoro zake, na familia au nyumba vilikotoka. Asipotaka kutaja vilikotoka, usilipe.